Kufuli Langu kwenye Pampu ya Shefu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kitenge cha Kampani, na keki yenye jina langu lililokosewa. Kisha mkasema, Mama Agnès, tuandikie ukurasa mmoja wa kutia moyo, tuubandike ukutani karakana. Maneno ya kutia moyo sina. Nina hasira, na hasira yangu haienei ukurasa mmoja, kwa hiyo tafuteni misumari zaidi.

Nimesikia plagini mpya ya kuwashia pampu kwa simu inakuja, na kisanduku kipya ni chembamba, cheupe, kinapendeza ukutani. Nimesikia pia kuna mtu ameuliza kama zile swichi kubwa za chuma zenye tundu la kufuli haziwezi kutolewa, maana zinaharibu sura ya ukuta. Huyo aliyeuliza sitaki kumjua jina. Ila kabla hamjashika turnevisi kufungua skrubu zake, someni haya mpaka mwisho. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilipewa nini, hayo yamo kwenye faili langu, na katika faili hilo kuna ukurasa mmoja wa uongo wenye saini yangu. Tutafika huko.

Nimezaliwa Kisenge. Baba alikuwa fundi wa mabehewa ya manganizi, nami nilikua nikichezea vipande vya waya. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mgodi wa Mutoshi, karakana ya umeme, na mwanamke fundi hawakuwahi kumwona. Mlinzi aliniambia wanaoleta chakula wanapita mlango wa nyuma. Niliingia mlango wa mbele nikiwa nimeshachemka. Ndani nilimkuta Tata Kazadi, mkuu wa karakana, Mluba wa kaskazini, Mprotestanti asiyepiga kelele hata akijigonga nyundo kidoleni. Hakunipa testa ya kupimia umeme, hakunipa koleo. Alinipa kufuli jekundu, kadena kama tunavyoliita huku, na ufunguo mmoja wenye kamba.

"Hii kadena ni ya kwako," alisema. "Ukitaka kuweka mikono mu mashini, unazima, unafunga swichi na kadena, ufunguo unaweka mu mufuko yako. Hapo hakuna mutu wa kuifungua, paka weye, weye moja tu. Ata mukubwa wa mugodi akuye na kelele yake, hapana."

"Na kama nimesahau, niko nyumbani?"

"Batatuma motokari. Batakuleta. Weye njo utafungua."

Akachukua msumari na nyundo akagonga jina langu kwenye chuma, herufi moja moja. Herufi ya mwisho ilipinda, na imepinda hadi leo. Kanuni nyingine ilikuwa kwenye fremu karibu na mlango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: atakayekata kufuli la mwenzake anaondoka kazini siku hiyohiyo, awe nani.

Nilidhani ni maneno ya ukutani tu. Halafu siku moja mkanda mkubwa wa kupeleka mawe kwenye kinu ulikaa umesimama tangu asubuhi, kwa sababu fundi mmoja alikuwa amepata habari ya msiba akakimbilia Mutshatsha, ufunguo ukiwa mfukoni. Zamu nzima ilikaa chini. Mkuu wa mgodi alikuja, akatukana kwa Kifaransa, akatukana tena kwa Kiswahili ili tusipitwe na neno. Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa umening'inia ukutani, hatua tatu kutoka pale aliposimama. Aliutazama, kisha akatuma gari. Fundi akaletwa kutoka matangani, macho yamevimba, akafungua kufuli lake, akarudishwa kulia. Hakuna aliyecheka. Tata Kazadi aliendelea kunywa chai yake na kuniambia nikaipime testa yangu kwenye waya wenye umeme kabla ya kuiamini, kwa sababu testa iliyokufa inakuambia kila kitu kimekufa.

Hayo mawili ndiyo yote aliyonifundisha, kwa kweli. Pima testa kwanza. Mwenye mikono ndani ndiye mwenye ufunguo. Mengine nilijifunza kwa kuungua.

Baadaye Kampani ilinihamishia Kolwezi, Huduma ya Nyumba, kule kwenye barabara wanakokaa wakubwa. Pampu za maji, mageti, mitungi ya maji moto, jenereta. Mafundi wa mgodi walinicheka. Mama Agnès amekwenda kubadilisha balbu za madame! Lakini kufuli langu nilikwenda nalo, na kila fundi aliyekuja chini yangu nilimgongea jina kwenye la kwake. Ukutani mwa kila kibanda cha pampu kulikuwa na swichi kubwa ya chuma yenye mkono na tundu. Mbaya kama meno ya mzee, lakini ukiifunga imefungwa.

Huko ndiko nilikomkuta Tata Mwepu, fundi wa pampu, mtu wa Mutshatsha, sauti nzito katika kwaya ya parokia. Yeye testa hakuipenda. Aliegemeza kipande cha mbao kwenye mwili wa pampu, akatega sikio upande wa pili, akafumba macho kama anasikiliza ungamo. Kisha angesema, "Huyu mama ana juma mbili," na baada ya wiki mbili pampu ilikufa kweli. Kila pampu kwake ilikuwa mama. Kila mara, kabla hajagusa mkanda, nilisikia mlio wa kufuli lake likifunga. Tlak. Sikuwahi kumkumbusha hata siku moja.

Sasa tuje kwenye simu.

Wakubwa wote wa Kampani walikuwa tayari na programu ya kazini kwenye simu zao, ya kuomba likizo na gari. Shefu Banza, mkuu wa Huduma ya Nyumba, alirudi safarini na wazo kwamba nyumba nayo iingie humo humo. Mtu awe ofisini, aguse kioo, geti lifunguke, maji yapande tangini. Ilitakiwa plagini, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya ile kubwa na kuipa kazi mpya. Akaletwa Ruth, mhandisi kutoka Lubumbashi, umri wa binti yangu wa mwisho, alinizidi kila kitu isipokuwa waya. Yeye aliandika plagini, mimi nilifunga vile visanduku vya kupokea amri majumbani. Aliniuliza maswali ambayo mafundi wanaume huona haya kuuliza, kwa hiyo nilimpenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa geti la shefu mwenyewe. Aliligusa kwenye simu, likafunguka. Akapiga makofi. Akalifunga na kulifungua mpaka mlinzi akauliza kwa upole kama bado ana kazi.

Shida ilikuwa intaneti. Huku kwetu mnajua, inakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ruth anagusa "Washa," simu inazungusha kiduara, kiduara kinazunguka, tangi liko tupu. Alikuwa karibu kulia. Hapo ndipo mimi, fundi wa Mutoshi, nikajiona nina akili.

"Ruth," nilimwambia, "juu ya nini tunahangaika? Batu ba hapa hawaombi intaneti. Banabipa."

Kupiga, ilie mara moja, kukata kabla haijapokelewa: bure. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukaweka karte ya simu, laini yenye namba yake, ndani ya kila kisanduku. Intaneti ikikosekana, plagini inapiga namba ya kisanduku. Kisanduku hakipokei, kinaangalia tu namba ni ya nani, na kama ni simu iliyoandikishwa ya nyumba hiyo, kinawasha pampu kisha kinakata. Haili hata uniti moja. Na maji yakipungua tangini, kisanduku chenyewe kinambipa mwenye nyumba kumjulisha. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Nilijisifu mpaka kanisani. Shefu Banza akaenda kuionyesha kwa wakubwa wake na kuiita wazo la Huduma, na mimi sikujali, nilijua ni langu. Laiti lingekuwa lake.

Kisha ikaja habari ya swichi. Kifuniko cha kisanduku hakikufunga vizuri kwa sababu ya ile swichi kubwa ya chuma. Nikamwambia shefu tutafute kisanduku kingine. Akaniambia, "Mama, hapa ni nyumba, si mugodi. Kwenye kisanduku kuna kitufe cha kuzima. Inatosha."

Na mimi nilizitoa. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba baada ya nyumba nilifungua skrubu, nikazitia kwenye ndoo, nikazipeleka stoo. Mtu mmoja tu aliuliza, naye ni Mwepu, alisimama mlangoni mwa kibanda na kufuli lake mkononi.

"Mama Agnès, na kadena yetu tutaiweka wapi?"

"Tata Mwepu, sasa unafinya paka hapa. Taa nyekundu ikiwaka, pompi imezimwa."

Aliitazama ile taa kwa muda. "Bon," akasema. "Mama njo anajua."

Akatia kufuli mfukoni. Hilo neno lake, Mama njo anajua, nalisikia nikioga, nikisali, nikipika ugali. Mama hakujua kitu.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, nyumba ya mhandisi mmoja wa barabara ileile. Mwepu alikwenda kubadilisha mkanda wa pampu. Akafinya kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Akatoa kifuniko cha chuma, akaingiza mkono kati ya mkanda na gurudumu. Ndani ya nyumba walikuwa wanafua, maji yakapungua tangini, na kisanduku kikafanya tulichokifundisha: kikambipa mwenye simu. Simu iliyoandikishwa ilikuwa ya madame, mke wa mhandisi. Yeye alikuwa sokoni akichagua samaki tomsoni. Akasikia mlio mmoja, akatazama, namba asiyoijua.

Sasa niambieni, wewe na wewe na wewe: mtu akikubipa kwa namba usiyoijua, unafanya nini? Unapiga! Pengine ni dada yako ameazima simu, pengine kuna mgonjwa, pengine kuna kifo. Hakuna mtu kutoka hapa mpaka Dilolo asiyerudisha bipu. Mimi narudisha. Ruth anarudisha. Tulikaa miezi tukitengeneza chombo cha kubipa watu wa Kolwezi, na hatukukaa hata dakika moja kujiuliza watu wa Kolwezi wakibipwa wanafanya nini.

Madame akapiga kuuliza ni nani. Kitufe kilikuwa kimezima pampu tu, amri mpya hakikuizuia. Kisanduku kikaona namba yake, kikatii.

Mkanda ulimchukua vidole viwili vya mkono wa kuume. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, mkono umefungwa kwa aproni ya mpishi, uso umekuwa wa kijivu. Mpishi alikuwa analia, yeye halii. Nilipiga magoti mbele yake, na alichoniambia ni hiki tu:

"Mama, taa ilikuwa nyekundu."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananipa ripoti, fundi kwa mkuu wake. Afadhali angenipiga kofi.

Mchana ule Ruth alisoma kumbukumbu ya kisanduku. Kila simu inayoingia inaandikwa humo pamoja na saa yake: kisanduku kimebipa, simu ya madame imeingia, pampu imewaka. Mistari mitatu. Ruth alikaa sakafuni karakana akaegemea ukuta. Jioni madame alikuja hospitali na sufuria ya chakula, hakuna aliyemtuma. Akasimama miguuni pa kitanda cha Mwepu akiwa bado na kitenge chake cha sokoni.

"Mi njo nilipiga, tata," akasema. "Sikujua ni pompi. Nilizani ni mutu."

Mwepu akamwambia akae, asisimame na sufuria ya moto.

Wiki hiyo shefu Banza alinikuta nje ya karakana nikipanda gari. Alikuwa na kurasa tano za Kifaransa, akaziweka juu ya boneti. Ripoti ya ajali, alisema, ni formalité, utaratibu tu, saini ukurasa wa mwisho ili Tata Mwepu atunzwe haraka. Nilikuwa sijalala siku tatu. Nilikuwa nakimbilia hospitali. Nikasaini. Ndiyo, mimi! Niliyewaambia ninyi wote maisha yangu yote, pima testa kabla ya kuiamini, nilitia saini kurasa tano bila kusoma hata kichwa cha habari.

Baada ya wiki mbili Mwepu alikuja karakana, mkono umefungwa bandeji, na barua. Amefukuzwa kwa kosa zito. Kosa lenyewe, nawanukulia kwa Kiswahili: alifungua kifuniko cha mashine bila kwanza kufunga swichi kwa kufuli lake.

Bila kufunga kwa kufuli! Mungu wangu! Kufuli angelining'iniza wapi, puani? Tundu nililitoa mimi, nikalitia ndoo, nikalipeleka stoo! Madame hakutajwa, kwa sababu mumewe ni mkubwa. Bipu haikutajwa, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshaisifu. Swichi haikutajwa. Alitajwa Mwepu peke yake, na chini yake saini yangu, imesimama vizuri, mtu angedhani niliandika kwa furaha.

Na barua ile ilimnyang'anya kadi ya hospitali ya Kampani. Kidonda kilikuwa bado kinatoa maji. Muuguzi alikuwa amemwambia asije tena.

"Mama," aliniuliza, "hii sinyature ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu."

"Bon."

Akaikunja barua taratibu kwa mkono wa kushoto, akaitia katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Sitasahau jinsi alivyojitahidi isikunjike vibaya.

Niliingia ofisini kwa shefu bila kubisha. Nilisema mengi, mengine hayafai ukutani. Yeye alinisubiri nichoke.

"Mama Agnès, ripoti imekwisha kupanda kule juu. Weye uko karibu kupumzika. Tulia."

"Mwepu angefunga kadena wapi, shefu? Nionyeshe tundu. Tuende sasa hivi, unionyeshe tundu."

"Kanuni inasema fundi afunge na kadena yake. Haisemi tundu. Kanuni ni kanuni, mama."

Nikamwambia, "Umesema kweli, shefu. Kanuni ni kanuni." Nikatoka, na nadhani aliona ameshinda.

Ndoo ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya saruji. Nilichagua swichi moja, nikaifuta kutu, nikaipima. Testa niliipima kwanza, safari hii. Asubuhi nikaenda nyumbani kwa shefu Banza. Mlinzi alinifungulia, mimi ndiye mkuu wa mafundi, nina haki ya kuingia kibanda cha pampu cha nyumba yoyote. Nikazima umeme kutoka kwenye nguzo, nikafunga ile swichi mbaya ya chuma mahali pake pa zamani, kati ya kisanduku na pampu, nikaishusha chini na kuifunga kwa kufuli langu jekundu. Tlak. Nikaning'iniza na kibao: HATARI, MTU YUKO KAZINI, AGNÈS. Haukuwa uonevu. Pampu ile ilikuwa na kasoro ileile iliyokula vidole, na sheria inanitaka nisimamishe mashine yenye kasoro. Ningeweza kuanza na nyumba yoyote. Nilianza na yake.

Ikafika mchana, maji yakaisha. Mkewe akampigia simu. Yeye akagusa "Washa." Akagusa tena. Intaneti haipo, plagini ikabipa. Ruth aliniambia baadaye kwamba kumbukumbu ya kisanduku siku hiyo ilijaa namba ya shefu ukurasa mzima.

Alikuja karakana mwenyewe, tai imelegea. Mafundi wote walikuwepo, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwepo.

"Mama, toa kadena yako pa pompi yangu."

"Siwezi, shefu. Mutu angali na mikono mu mashini."

"Mutu gani? Mi nimetoka kule, hakuna mutu!"

"Mwepu," nikasema. "Mikono yake ingali mule. Muliiacha mule na karatasi. Siku itatoka, na mi nitatoa kadena."

Mkasi wa chuma ulikuwa ukutani, hatua mbili kutoka kwake. Aliutazama. Sote tukamtazama akiutazama. Fremu ya kanuni ileile, iliyotundikwa na hapa kwetu, ilikuwa juu yake kidogo, na saini iliyokuwa chini ya kanuni ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna aliyempa mkasi, hakuna aliyemzuia. Akageuka akaondoka, na dereva wake akashinda akibeba maji kwa bidoni za njano.

Kesho yake nilipofungua stoo nilikuta ndoo tupu. Sikumtuma mtu. Naapa sikumtuma mtu. Kila fundi alichukua swichi yake, akaenda na kufuli lake lenye jina lake, na ilipofika saa sita barabara nzima ya wakubwa ilikuwa haina maji. Wake zao walikutana bombani na bidoni, wengine mara ya kwanza katika maisha yao kujua bomba liko wapi. Nililia mchana huo, peke yangu, nyuma ya magunia ya saruji. Haya ndiyo maneno pekee ya kutia moyo mtakayopata kwangu, kwa hiyo yasomeni mara mbili.

Siku ya nne wakubwa wakaitisha kikao. Ruth alileta ile mistari mitatu, ingawa alikuwa ameagizwa aweke toleo jipya la plagini ambalo lingefuta kumbukumbu zote. "Nilisahau kuliweka," aliwaambia wakubwa, bila kupepesa jicho. Madame alikuja. Mumewe alikuwa amekaa meza ya mbele akimfanyia ishara atoke, naye akasimama akasema yote, samaki na soko na namba asiyoijua. Na mimi nikasoma barua niliyokuwa nimewaandikia. Ilikuwa fupi: swichi nilizitoa mimi, bipu niliibuni mimi, ripoti niliisaini bila kuisoma, na Tata Mwepu alifanya kila kitu nilichomfundisha. Ile barua ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na sikutumia hata koleo.

Mwepu akarudishiwa kazi na kadi yake ya hospitali. Swichi zote zikarudi ukutani. Bipu ikatolewa kwenye plagini. Ripoti ile ya kwanza haikuchanwa, "imewekwa kando," ndivyo walivyosema, bado iko kwenye faili na saini yangu bado iko chini yake. Na mimi nikashauriwa nipumzike kabla ya wakati wangu. Hapo ndipo ilipotoka ile saa ya ukutani.

Lilibaki kufuli moja tu barabarani, langu, kwa shefu Banza. Nilikwenda na Mwepu. Shefu alikuwa anatusubiri mlangoni mwa kibanda, simu mkononi, na mafundi wachache walikuwa wamefuata nyuma. Kanuni ya Tata Kazadi ilisema mwenye mikono ndani ndiye anayefungua. Nikavua kamba ya ufunguo shingoni nikampa Mwepu.

Angeweza kutumia mkono wa kushoto. Aliutia mfukoni. Alishika ufunguo kwa vidole vitatu vya mkono wa kuume, ukaanguka. Akauokota, akajaribu, ukaanguka tena, ukaviringika mpaka kwenye kiatu cha shefu. Hakuna aliyesogea. Shefu Banza akainama, na tai yake ikagusa udongo, akauokota ufunguo, akaufuta kwa shati lake, akampa.

Mara ya tatu kufuli lilifunguka. Mwepu aliinua mkono wa swichi, akarudi nyuma hatua moja.

"Bon, shefu," alisema. "Sasa unaweza kuiwasha."

Shefu alinyanyua simu, kidole kikasimama juu ya kioo. Kabla hajagusa alituangalia mikono yetu, mmoja mmoja, sote, nasi tukaiinua juu aione.